Wimbo Unaosikia na Wimbo Usiosikia: Muziki wa Wavuvi wa Sambaza wa Rusizi

Miaka kadhaa iliyopita tuliwapa wanafunzi wetu wa fasihi simulizi zoezi ambalo kila mwalimu wa somo hili analifahamu. Kila mmoja arudi kwao wakati wa likizo, akusanye nyimbo za kazi tano, aziandike, kisha achambue maudhui na fani yake. Mwanafunzi mmoja wa Rusizi, sehemu ambayo wengi wetu bado tunaiita Cyangugu, alituletea nyimbo za wavuvi wa usiku wa Ziwa Kivu. Wimbo wa kwanza ulikuwa na mistari miwili ya kiongozi na neno moja la waitikiaji, lililorudiwa mara kumi na nane. Wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Wa tatu haukuwa na neno lenye maana hata moja katika kiitikio chake. Zilikuwa sauti tupu. Pembeni mwa karatasi tukaandika kwa kalamu nyekundu kwamba maudhui ni finyu, taswira hakuna, na marudio yamezidi. Tukampa alama 11 kati ya 30.

Mwanafunzi hakulalamika. Alituomba jambo moja tu, kwamba siku moja twende naye ziwani tukasikilize. Tulikwenda. Makala haya yametokana na safari hiyo, na yanahusu kosa ambalo tuliligundua huko. Kosa lenyewe halikuwa katika karatasi yake, bali katika vigezo tulivyotumia kuisahihisha.

Swali tunalotaka kulijadili na wasomaji wetu ni hili: mvuvi anaposikia muziki akiwa kazini, muziki huo unamfanyia kazi gani? Tunauliza hivyo kwa sababu katika usiku mmoja wa uvuvi tulisikia muziki wa aina mbili. Wa kwanza uliimbwa na wavuvi wenyewe, na wa pili ulitoka katika redio na simu. Vitabu vyetu vinaushughulikia ule wa kwanza na kuupuuza wa pili, na hata huo wa kwanza vinaupima kwa mizani isiyo yake.

Ziwa, samaki na mitumbwi mitatu

Kwa msomaji asiyeifahamu Rusizi, hii ni wilaya iliyo katika pembe ya kusini magharibi mwa Rwanda, pale ambapo maji ya Ziwa Kivu yanatoka na kuwa Mto Rusizi unaoteremka hadi Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mpaka ni mji wa Bukavu. Hadi mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006, eneo hili lilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu. Mjini Kamembe, Kiswahili hakikusubiri kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 ili kianze kusemwa. Kilikuwa tayari sokoni, mpakani na katika nyumba nyingi. Katika kisiwa cha Nkombo watu husema Kihavu na Kinyarwanda, na wengi huongeza Kiswahili wanapokwenda kuuza na kununua.

Sambaza ni samaki mdogo wa jamaa ya dagaa. Jina lake huwachekesha wanafunzi wapya, kwa kuwa wanapolisikia mara ya kwanza hudhani wanaamrishwa kusambaza kitu. Samaki huyu si mwenyeji wa kale wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, akazaana, na sasa ndiye anayetafutwa na wavuvi wengi wa usiku. Huvuliwa kwa taa, kwa kuwa mwanga humvuta juu. Ndiyo sababu usiku wa mbalamwezi si usiku mzuri kwa mvuvi wa sambaza, maana mwanga wa mwezi hushindana na wa taa yake.

Chombo chenyewe ni mitumbwi mitatu iliyowekwa sambamba na kufungwa pamoja kwa miti mirefu. Miti mingine hutokeza mbele na nyuma, mirefu na myembamba kama papasi za panzi, na ndiyo inayobeba wavu. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wamehamia taa za betri. Mbinu hii ya wavu wa kuinuliwa ilienea katika Ziwa Kivu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, kupitia mradi wa uvuvi wa Umoja wa Mataifa. Tunaomba msomaji aikumbuke miaka hii, kwa maana tutairudia.

Wimbo unavyofanya kazi

Tuliondoka mwaloni jua lilipokuwa limeshazama. Wavuvi waligawanyika katika mitumbwi yote mitatu, kila mmoja na kafi lake. Mara tulipotoka katika maji ya ghuba tukaelewa jambo la kwanza ambalo karatasi haikuweza kutuambia. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja haina usukani wa kuirekebisha upesi. Ikiwa wapiga makafi wa kushoto watatangulia wale wa kulia, chombo chote hugeuka, na nguvu ya kila mmoja huwa imepotea. Na gizani hakuna anayeliona kafi la mwenzake aliye katika mtumbwi wa mbali. Linaloweza kuwafikia wote kwa wakati mmoja ni sauti.

Kwa hiyo wimbo haukuwa pambo la safari. Ndio uliowawezesha kwenda sawa. Kiongozi, ambaye usiku ule alikaa katika mtumbwi wa kati, alitoa mstari. Wengine waliitikia kwa neno fupi, na urefu wa neno hilo ulikuwa sawasawa na urefu wa pigo moja la kafi. Pumzi ilitoka pamoja na neno, mkono ukavuta pamoja na pumzi. Kiitikio kile ambacho tulikiona hakina maana kwenye karatasi kilikuwa na silabi mbili, moja ya kuingiza kafi majini na nyingine ya kulitoa. Neno refu lenye maana nzuri lingewachelewesha.

Jambo la pili lilitupendeza kama walimu wa lugha. Nyimbo za usiku ule zilichanganya Kihavu, Kinyarwanda na Kiswahili, wakati mwingine katika mstari mmoja. Tunawafundisha wanafunzi kwamba mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mitumbwi ile mkazo ulihamahama. Pale kafi lilipoingia majini, silabi iliyoangukia hapo ndiyo iliyopewa nguvu, iwe ya mwisho au ya kwanza. Hatukusikia kosa la kisarufi. Tulisikia lugha tatu zikitii kanuni moja ambayo haitoki katika lugha yoyote kati ya hizo.

Jambo la tatu ndilo lililotutoa jasho kwa aibu. Tulipoipita rasi, upepo uligeuka ukatukabili. Hakuna aliyetoa amri. Kiongozi alirefusha mstari wake, akauburuta, na kiitikio kikachelewa kidogo. Makafi yakashuka polepole na kwa kina zaidi. Baadaye sauti za upande wa kushoto zikapungua, nadhani kwa kuchoka. Kiongozi alizisikia. Akaacha mstari uliozoeleka akatunga mwingine papo hapo, akimtania mmoja wa wale wa kushoto kuhusu deni la sabuni. Kicheko kikatoka, na sauti zikarudi. Kutoka mwaloni hadi pale tulipotia wavu, kiitikio kilirudiwa mara nyingi kuliko tulivyoweza kuhesabu.

Hapo ndipo tulipokumbuka kalamu yetu nyekundu na maneno "marudio yamezidi". Marudio yale yalikuwa umbali wa kutoka nchi kavu hadi penye samaki. Kumwambia mvuvi kwamba amerudia kupita kiasi ni sawa na kumwambia kwamba amepiga makafi kupita kiasi, kwa hiyo angetosheka na nusu ya safari.

Na yale maudhui tuliyosema ni finyu? Yalikuwepo: deni la sabuni, bei ya sambaza sokoni, mtu aliyeoa bila kualika wenzake, woga wa upepo. Hayakuwemo katika karatasi ya mwanafunzi kwa sababu likizo ile iliangukia kipindi ambacho uvuvi wa sambaza hufungwa kila mwaka ili samaki wazaane. Mitumbwi ilikuwa imepumzishwa. Alimwomba mzee mmoja amwimbie akiwa ameketi chini ya mparachichi mchana, na mzee akampa kile ambacho hubaki wimbo unapotolewa majini. Akampa mistari ya kuanzia na kiitikio. Yaliyobaki hutungwa na upepo, uchovu na watu waliopo, na chini ya mparachichi hakukuwa na lolote kati ya hayo.

Nadharia tuliyoifundisha bila kuitumia

Hatuwezi kujitetea kwamba hatukuwa na nadharia. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, mahali na wakati ni sehemu ya tukio hilo. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, aliziweka nyimbo za kazi pamoja na zile za vita na uwindaji, yaani ushairi wenye shughuli maalumu. Na mapema zaidi, mwaka 1896, mwanauchumi wa Ujerumani Karl Bücher aliandika kitabu kizima juu ya kazi na mdundo, akidai kwamba ushairi wenyewe ulichipuka katika mwendo wa miili inayofanya kazi. Si lazima tukubaliane na Bücher katika kila jambo ili tuone kwamba swali lake lilikuwa sahihi: mwili ulikuwa unafanya nini wimbo ulipokuwa ukiimbwa?

Tunayafundisha haya katika mhadhara wa kwanza na kuyaweka katika mtihani. Kisha, ikija zamu ya kusahihisha, tunaichukua mizani ya shairi lililoandikwa na kuutwika wimbo wa mvuvi, tukidai taswira, tamathali na ujumbe. Vitabu vya kiada navyo vinatusaidia kukosea. Karibu vyote vinasema kwamba nyimbo za kazi hurahisisha kazi na kuondoa uchovu. Kauli hiyo si ya uongo, lakini ni ya mtu aliyesimama ufukweni. Aliyemo mtumbwini anajua kwamba bila wimbo kazi haiendi ilivyokusudiwa. Wanafunzi wa Kenya husoma katika vitabu vyao kwamba nyimbo za wanamaji huitwa kimai, na kwa Kinyarwanda nyimbo za wapiga makafi zina jina lake, amasare. Majina tunayo. Tulichokosa ni masikio.

Saa ya redio

Wavu uliposhuka na taa zikawashwa, kuimba kulikoma. Hili hatukulitarajia. Katika vichwa vyetu wavuvi huimba wanapovua, kumbe tuliowasikia waliimba walipokwenda na waliporudi. Saa za kungoja samaki wakusanyike chini ya mwanga zilikuwa za ukimya, na baada ya muda, za redio ndogo iliyofungwa kwa mpira kwenye mti. Mara ilikamata Radio Okapi, ambayo tangu mwaka 2002 inatangaza Kongo kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Mara ilihamia kituo cha upande wa Rwanda. Kijana mmoja alikuwa na simu iliyojaa nyimbo: bongo fleva, rumba ya Kongo, kwaya za kanisani.

Tukiri kwamba mwanzoni tulinung'unika kimoyomoyo. Mtu aliyekwenda kutafuta fasihi simulizi hapendi kukuta simu. Tulikuwa tayari kuandika ile aya ambayo msomaji ameisoma mara nyingi, kwamba utandawazi unaua utamaduni wetu. Mzee aliyekaa karibu nasi akatuokoa na aya hiyo. Alitueleza kwamba wimbo ni wa mkono na redio ni ya jicho. Mkono ukiwa hauna kazi, kuimba kunachosha bure. Lakini jicho lisipopewa kitu litafumba, na anayesinzia kwenye mtumbwi usiku anaweza kuamkia majini. Redio, basi, haikuwa imechukua nafasi ya wimbo. Ilikuwa imechukua nafasi ya ukimya na usingizi.

Hata hivyo tofauti kati ya miziki hii miwili ni kubwa, na ndiyo hoja yetu kuu. Wimbo wa makafi unasikia. Unasikia upepo, unasikia uchovu wa upande wa kushoto, na unajibu. Redio inasikilizwa tu, yenyewe haisikii. Haijui kwamba upepo umegeuka. Ikiwa wimbo wake ni wa haraka utaendelea kuwa wa haraka hata wavuvi wakichoka, na utakatika katikati kwa ajili ya matangazo hata wakiwa ndani ya dhoruba. Kwa sababu hiyo hatukumwona mtu aliyejaribu kupiga makafi kwa kuifuata redio.

Wavuvi wenyewe waliijua tofauti hii bila msaada wetu. Ilipofika saa ya kuinua wavu, mzee alinyoosha mkono akaizima redio. Kuinua wavu kunahitaji kamba zote zipande pamoja, na kila mtu alihesabu kwa kuguna. Yule kijana wa simu alikuwa na visikilizi masikioni. Alichelewa pigo moja, pembe yake ya wavu ikainama, na sambaza kiasi fulani wakarudi ziwani wakimetameta. Hakuna aliyemkaripia. Mzee alimgusa bega, na visikilizi vikaingia mfukoni.

Wapo wanaosema kwamba redio huzimwa ili isiwafukuze samaki. Imani hii ipo kwa wavuvi wa nchi nyingi duniani. Ukweli ni kwamba sauti iliyo hewani hupenya majini kwa kiasi kidogo sana, kwani sehemu kubwa yake hurudishwa na uso wa maji. Samaki wa jamaa ya dagaa wana usikivu mzuri, lakini kinachowafikia zaidi ni kishindo kinachopitia mbao za mtumbwi, kama kafi lililoangushwa au mguu uliokanyaga kwa nguvu. Redio ya sauti ya chini iliyofungwa juu ya mti inamsumbua samaki kidogo kuliko tunavyodhani. Inayemsumbua zaidi ni mvuvi anayehitaji kumsikia mwenzake.

Je, wimbo huu ni wa kale?

Sasa turudi kwenye ile miaka. Wageni wanaokuja Kivu huambiwa kwamba wavuvi wa mitumbwi mitatu wameimba hivi tangu enzi za mababu. Lakini sambaza hakuwemo ziwani kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na wavu wa kuinuliwa ulienea miongo miwili baadaye. Mtu aliyekuwa mtoto mwaka 1955 hakuweza kusikia wimbo wa kuvua sambaza katika Ziwa Kivu. Watu wa ziwa hili walipiga makafi na kuimba kabla ya hapo, katika mitumbwi mingine na kwa samaki wengine. Chombo kipya kilipokuja, wimbo uliingia ndani yake ukajipima upya.

Hii kwetu ni habari njema. Wimbo ulioweza kuhamia katika chombo kilicholetwa na mradi si kitu dhaifu kinachovunjika kikiguswa na jambo geni. Tulilithibitisha alfajiri tulipokuwa tukirudi. Kiongozi alianza na kiitikio ambacho tulikitambua, kwa maana kilikuwa kimetoka katika ile simu usiku. Katika simu kilikuwa kirefu, na kwenye makafi hakikutosha. Walijaribu mara mbili, mitumbwi ikayumba, wakacheka. Mara ya tatu walikikata, wakabakiza silabi za mwisho tu, na mitumbwi ikanyooka. Wimbo unaosikia ulikuwa umeisikia hata redio, ukachukua ulichokihitaji na kukiacha kilichobaki.

Injini na kamera

Je, hakuna la kuogopa? Lipo, lakini si redio. Ni injini, nayo huja kwa sababu nzuri. Mvuvi anayevutwa na mashua yenye injini hafiki penye samaki akiwa amechoka, na dhoruba ikija anakimbia. Hatuna haki ya kumtaka aendelee kuumia mgongo ili sisi tupate data. Lakini injini ikifika, pigo la kafi linaondoka, na saa ya wimbo inaondoka nalo. Mabaharia wa Ulaya na Marekani wa karne ya 19 walikuwa na nyimbo zao za kuvuta kamba na kuinua nanga. Meli za mvuke zilipochukua nafasi ya tanga, nyimbo hizo zilikosa kamba ya kuvuta. Hazikufa kabisa. Zilihamia vilabuni, kwenye matamasha, na mwaka 2021 nyimbo za mabaharia zilipendwa ghafla na vijana wengi duniani kupitia simu zao. Lakini waliokuwa wakiziimba hawakuwa wakivuta chochote.

Kivu nako kamera zimefika. Wapo wageni wanaolipa wapelekwe jioni kuwatazama wavuvi na kuwasikiliza wakiimba. Hatuoni ubaya mvuvi akilipwa kwa sauti yake kama anavyolipwa kwa samaki wake. Tunachoomba ni mhakiki atambue kwamba saa imebadilika. Anayeimba huku mgeni akirekodi hudumisha sauti nzuri na mistari inayopendeza, kwa maana msikilizaji wake hana kafi. Huo nao ni utanzu halali wa maonyesho, wenye vigezo vyake. Tukiuchukua na kuuchambua kama wimbo wa kazi tutakosea tena, safari hii kwa upande wa pili: tutausifu kwa utajiri ambao kazi haikuuhitaji.

Kwa walimu na wanafunzi

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba zoezi la kukusanya nyimbo za kazi lisianze na maneno ya wimbo. Lianze na maswali machache ambayo mwanafunzi atayajibu akiwa mahali pa kazi. Ni saa ngapi? Mikono inafanya nini? Nani anaongoza, na ameketi wapi? Nani anaitikia, na kwa lugha gani? Nini kilibadilika katika wimbo, na kabla yake nini kilibadilika katika kazi? Muziki gani mwingine ulisikika, wa redio au wa simu, na ulinyamazishwa wakati gani? Ikiwa wimbo umekusanywa nje ya kazi, kwa sababu ya msimu au umbali, jambo hilo liandikwe wazi na lisifichwe.

Swali la mwisho ndilo tunaloliona kuwa kipimo bora: wimbo ukikosewa, nini hutokea? Wimbo wa kazi ni ule ambao ukikosewa, kazi huharibika. Mitumbwi hugeuka, wavu huinama, mchi humpiga mwenzako. Ikiwa hakuna kinachoharibika isipokuwa sikio la msikilizaji, basi tunao wimbo wa aina nyingine, na tuutafutie mizani nyingine. Kwa kipimo hiki, ule wimbo wa tatu wa mwanafunzi wetu, usio na neno lenye maana, ulikuwa ndio uliokamilika kuliko yote matano.

Msomaji makini ataona kwamba katika makala haya hatukunukuu hata mstari mmoja wa nyimbo hizo. Tungenukuu, mstari huo ungeonekana mwembamba kama ulivyoonekana kwetu pale mwanzo.

Hitimisho

Tuliporejea chuoni tulimwomba mwanafunzi aandike upya uchambuzi wa wimbo mmoja tu. Aliuweka wimbo katika nusu ukurasa na maelezo katika kurasa sita: upepo, rasi, deni la sabuni, mkono wa mzee ukizima redio. Ni uchambuzi mzuri kuliko mwingi tuliowahi kusahihisha, na sasa tunautumia darasani kama mfano, bila jina lake kama alivyopenda. Lakini alama za muhula zilikuwa zimekwisha kupelekwa. Ile 11 ilibaki 11, na imo katika matokeo yake hadi leo.

Tunaliandika hili si kwa kujipiga kifua, bali kwa sababu tunaamini karatasi yake si ya pekee. Katika kabati za walimu wa fasihi simulizi, hapa Rwanda na kwa jirani zetu, zimo nyimbo za wapiga makafi, watwangaji na wavutaji kamba zilizoandikiwa pembeni kwamba marudio yamezidi. Tunawaomba walimu wenzetu wazitoe na wazisome upya. Nanyi wanafunzi, mwalimu akiwaambia kwamba wimbo mlioukusanya ni finyu, msibishane naye sana. Mwalikeni mtumbwini, mumpe kafi.